Bunduki Iliyotaka TV ya Kichogo

Sisi tuliokua na TV za kichogo tulijua kulenga. Kwetu Tanga, Jumamosi mchana, mkeka ulijaa watoto wa mtaa mzima, jasho na harufu ya mihogo ya kukaanga, wote tukigombea bunduki moja ya plastiki iliyochomekwa kwa waya kwenye kompyuta ya gemu. Ukifyatua, kioo kinafifia kufumba na kufumbua, kisha pale alipo bata panawaka weupe. Bunduki ilikuwa na jicho mdomoni. Ikiuona ule weupe, bata kafa. Binamu yangu Mbaruku aligundua kwamba ukiielekeza kwenye globu ya dari bata wanakufa vilevile, akawa bingwa mpaka tulipomkamata. Mama akipita, alipapasa kichogo cha TV kama anayepima homa. "Imechemka hii. Zimeni ipumue." Anaifunika kitambaa chake cha kufuma, nasi tunanuna kama tumefiwa.

Sasa nisikilizeni, maana nina hasira.

Hapa Doha, kwenye roshani yangu mtaa wa Al Mansoura, nilitunza TV ya kichogo miaka na miaka. Gemu na bunduki nilivileta kutoka nyumbani ndani ya begi la mkononi, kosa ambalo ni msomi mwenye shahada mbili tu anayeweza kulifanya. Nilimweleza askari wa uwanja wa ndege habari za bata mpaka akanihurumia. Vyote vilingoja Ijumaa moja, ya mwisho kabla mwanangu Imrani, mzaliwa wa hapa, hajaondoka kwenda kusoma mbali. Nilitaka aondoke akiwa amecheza nami, basi.

Alhamisi narudi kutoka kazini, roshani nyeupe.

"Nimekusafishia, baba," akasema, kwa upendo kabisa. "Lile sanduku nimempa mtu wa vyuma chakavu."

"Uliniuliza?"

"Si TV ipo ukutani? Kubwa kama mlango."

Ijumaa tukachomeka gemu kwenye huo mlango. Bata wakapita, hakuna aliyeanguka. Nikabandika mdomo wa bunduki kwenye kioo chenyewe. Wapi. TV hizi huchelewesha mwanga kidogo, na bunduki haina subira. Nani aliyeamua kila kitu kiwe chembamba?

"Kwa hiyo haipigi, inaangalia tu?" Imrani akauliza.

"Inaangalia tu."

"Sasa mlikuwa mnafurahia nini?"

Nikaondoka kabla sijasema ya kujutia. Nilizunguka maduka ya mitumba ya mtaa wa Najma mpaka magharibi nikitafuta kichogo, nikarudi mikono mitupu. Imrani alikuwa kwenye kochi, masikio kayaziba, anaua watu kwenye simu. Nikakaa pembeni yake, nikatoa simu yangu, nikaanza kuwaandikia ninyi hasira hizi.

Enzi zetu watoto kumi tuligombea bunduki moja. Jioni ile tulikuwa wawili, kila mtu na chake mkononi, na hakuna aliyemwomba mwenzake zamu.