Optatus na Ukoka Wake

Optatus alikuwa na kasoro moja tu katika gofu, nayo ilitokana na tabia njema.

Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mtunza nyasi wa uwanja mdogo wa gofu nje kidogo ya jiji la Dodoma, mahali ambapo mvua hunyesha miezi minne ikijisikia na miezi minane haionekani. Ukoka wa pale aliupanda mwenyewe, kipandikizi kwa kipandikizi. Boza la maji lisipofika, alibeba ndoo. Mbuzi wa majirani aliwajua mmoja mmoja kwa rangi na kwa tabia. Mgeni akikatiza pale na viatu vya kisigino, Optatus alikosa raha hadi jioni.

Wanachama wakishaondoka alicheza kwa fimbo za kuazima, na alicheza vizuri. Mpira wa mbali aliufikisha, wa kusukumia shimoni aliutia. Shida ilikuwa pale katikati, hatua arobaini kutoka shimoni, ambapo mpira unatakiwa upande juu, ushuke taratibu na utulie. Pigo hilo halina uchawi. Fimbo inaushukia mpira, kisha inachimba ardhi kidogo na kung'oa kipande cha nyasi. Optatus alilijua hilo kuliko wanachama wote, maana vipande hivyo yeye ndiye aliyevirudishia. Lakini mkono ulikataa. Fimbo ikikaribia ukoka ilinyanyuka yenyewe, ikaukwangua mpira kichwani, na mpira ukaenda zake kwenye miiba ng'ambo ya pili.

Mwezi wa sita klabu ikatangaza nafasi ya mwalimu msaidizi. Sharti lilikuwa mtihani mbele ya mwalimu kutoka Arusha: mapigo kumi ya hatua arobaini, na saba yatulie karibu na shimo. Optatus aliitaka nafasi ile mpaka chakula kikawa hakipiti. Miaka yote hiyo aliitwa "wewe wa reki", na waliomwita hivyo ndio haohao waliomvuta pembeni awaonyeshe namna ya kushika fimbo. Alitaka aitwe mwalimu, mbele ya watu, kabla magoti hayajamwisha.

Siku moja mkewe, Ritha, alimpelekea uji uwanjani akamkuta akifanya mazoezi. Akahesabu mipira minane ikiishia miibani.

"Baba Witness, mbona unapiga kama unaomba radhi?"

"Nyasi zitaumia."

"Wewe ni mgonjwa," Ritha alisema, akammiminia uji.

Jumamosi akamchukua hadi shambani kwake Mvumi, ambako uwele ulikwisha kuvunwa. Akaweka ungo chini, akahesabu hatua arobaini.

"Hapa hujapanda kitu. Nimelima mimi, peke yangu, misimu yote. Piga."

Lilikuwa neno la kweli na lilikuwa na lawama yake, ila Optatus aliona si wakati wa kulijadili. Akaegemea mguu wa kushoto, mikono ikatangulia fimbo, akaacha kuunyanyua mpira kwa nguvu zake. Vumbi likaruka. Mpira ukapanda, ukashuka kando ya ungo, ukakaa. Kufikia Jumamosi ya tatu, kila mipira kumi, tisa ilimtii.

Siku ya mtihani mwalimu alikuwa Ludovick, kijana wa miaka thelathini hivi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Haya, nionyeshe."

Optatus aliweka mpira chini, akatazama, akautambua ukoka ule. Ndio uliougua mwaka juzi, akaunywesha maji ya kuogea ya nyumbani kwake hadi ukapona. Mpira wa kwanza ukaenda miibani. Wa pili ukaufuata. Wa tatu nao. Ludovick aliandika bila kuinua uso, na Bi Amina, katibu wa klabu, akaanza kutazama simu yake. Kosa moja zaidi na mambo yalikuwa yamekwisha.

"Baba Witness," Ritha alisema kutoka kwenye uzio, kwa sauti ya kawaida. "Zitaota tena. Si ndivyo unavyoniambia kila kiangazi?"

Optatus akapiga. Kipande cha ukoka kikaruka na mizizi yake, akasikia maumivu hasa, kifuani. Mpira ukapanda, ukashuka, ukatulia. Akapiga tena. Alipiga mara saba, na mara zote saba mpira ulitulia karibu na shimo.

"Hongera, mwalimu," Ludovick alisema, akanyoosha mkono.

Mkono ulibaki hewani. Optatus alikuwa amekwisha kupiga magoti, anarudishia vipande mahali pake.

"Acha hayo, mwalimu," Bi Amina alisema. "Atarudishia mtunza nyasi."

Optatus akainua kichwa. "Yupi?"

Hakuna aliyekuwa amelifikiria hilo, hata Optatus mwenyewe.

"Tutaajiri mwingine," Bi Amina alisema.

Optatus akautazama ukoka, akashikwa na wivu ambao hata kwa mkewe hakuwahi kuwa nao.

"Sawa," alisema, huku akikibonyeza kwa kiganja kipande cha nne. "Lakini huyo nitampa mtihani mimi."