Sista Amenikatisha Bomba Langu

Leo nimelazimishwa kukata bomba nililolifunga kwa mikono yangu, na nimeshukuru.

Nilivuka ziwa kwa kivuko kwenda ng'ambo ya Kamanga kukabidhi mabomba ya wodi mpya ya watoto njiti, hospitali ya huko. Ufundi nimejifunza mwenyewe, na bomba langu halivuji. Ulizeni.

Sista wa wodi akaonyesha ukutani.

"Fundi, hili linaenda wapi?"

"Haliendi popote, sista. Ni la baadaye, mkiongeza chumba."

Si ndivyo tunavyojenga huku? Chumba kimoja leo, bomba la kesho unaliziba mwisho.

"Maji yamelala humo tangu lini?"

"Tangu tujaze tangi. Kama mwezi."

"Yameshaota vijidudu. Kata."

Nilikasirika, jamani! Nikampigia hesabu: mita nne, bomba la inchi moja, ni lita mbili tu.

"Na mtoto nitakayemwogesha hapa ana kilo moja na nusu," akasema.

Nikakata.

Yakatoka maji ya vuguvugu, yanateleza kama ute wa samaki kamongo. Na bomba hilo limeungana na la kuogeshea vichanga!

Mganga mkuu akaja, anataka akina mama waingie leo leo.

"Samahani daktari, mpaka maji yapimwe." Sista hakuinua hata sauti. Daktari akageuka, akaenda zake.

Mafundi wenzangu, nani hajawahi kuacha bomba la baadaye? Semeni ukweli.

Mke wangu ana mimba ya miezi saba. Tunakaa mjini, hospitali ziko jirani.

Nimemwambia siku ikifika tutavuka kwa sista.