Maji Yasiyopanda

Baba yangu alikuwa mtu wa haya, na haya hiyo nusura imzike. Mpaka leo nikikumbuka napandwa na hasira.

Mwingereza alikuwa bado anatutawala baba alipoanza kukojoa damu. Alificha wiki nzima. Siku maumivu ya kiuno yalipomgaragaza chini, mama akasema yatosha. Tukapanda naye lori la korosho kutoka Newala mpaka hospitali ya misheni, Masasi.

Mganga alimpa chupa akatie haja ndogo. Sehemu ya mkojo akaichemsha juu ya moto, nyingine akaitazama kwenye hadubini. Kisha akasema kwa upole, "Mzee, una jiwe kwenye njia ya mkojo. Ni dogo. Kunywa vikombe kumi vya maji kila siku, lisukumwe. Rudi baada ya wiki mbili. Kama halijatoka, itabidi tukupasue."

Baba aliogopa kisu. Mimi nilishtushwa na vikombe kumi. Huyo mganga hakuwa mtu wa Newala! Kwetu juu mlimani hakuna mto wala chemchemi. Maji tuliyateka bondeni, tukayapandisha mlima kichwani. Mimi na mama tukaanza kushuka mara mbili kwa siku.

Siku ya tano mama alichungulia mtungi. Maji hayakuwa yamepungua inavyotakiwa. Kumbe baba alikuwa akipiga mafunda mawili mbele yetu, tukigeuka anarudisha yaliyobaki mtungini.

"Mama watoto," alisema alipobanwa, "nitakunywaje jasho lenu?"

Nilitaka kupasuka. Shingo ilikuwa inaniuma, utosi unawaka, na yeye ananifanyia huruma ya kumuua! Mama hakugomba.

"Hutaki maji yapande," alisema, "basi shuka wewe."

Kesho yake tukamshusha, kaegemea bega langu, mpaka kibanda chetu cha shamba karibu na chemchemi. Wanawake waliokuja kuteka wakamtania.

"Shikamoo, Baba. Siku hizi wewe ndiye mlinzi wa maji?"

"Marahaba," alijibu, na kikombe mkononi. Pale alikunywa bila kuhimizwa, maana hakuna aliyembebea.

Asubuhi ya siku ya nne pale bondeni alinifungulia kiganja. Kilikuwa kijiwe kidogo kuliko punje ya mtama, kina miiba miiba.

"Kimetoka," alisema. "Hawanipasui tena."

Niliacha debe langu pale pale nikapanda mbio. Mama alikuwa ametangulia na mtungi; nilimfikia katikati ya mlima.

"Limetoka, mama."

Akautua mtungi, akakaa chini njiani. Yeye, ambaye alizoea kunifinya nikimwaga hata tone, akachota maji kwa viganja akanawa uso. Akachota tena, akajimwagia shingoni, kisha miguuni, anacheka huku machozi yanamtoka. Maji yakatiririka kurudi bondeni, nami nikiyatazama tu.

Yalipobaki nusu, akanisogezea mtungi. "Nawa na wewe," alisema.