Bastola ya Mjomba Elineema

Harufu ya petroli ikichanganyika na ya ndizi mbivu hunirudisha Bombo, alasiri ile ya siku ya gulio, jenereta liliponguruma nje ya ukumbi na sisi watoto tukagombea mabenchi ya mbele. Baada ya miaka ya kupanga foleni kwa kipande cha sabuni, maduka yalikuwa yameanza kujaa tena, na pamoja na mitumba ikapanda mlimani televisheni ya kijana mmoja wa Same, na mkanda wa filamu kuhusu mjomba wangu. Mjomba Elineema, kaka yake mama, alikuwa mwizi. Hilo nyumbani hatukulikana. Wakati wa dhiki alivunja ghala la kijiji akabeba sukari, wakamkamata mgombani akilia, na homa ikamuua gerezani. Lakini kwenye filamu alivaa miwani myeusi, akachomoa bastola, akamuua mlinzi wa ghala. Ukumbi ulishangilia. Bibi, mama yake mzazi, alikaa kando yangu ameziba mdomo kwa kitenge.

Watu walipotoka alimfuata mwenye televisheni. "Mwanangu aliiba. Hakuua," alimwambia. Kijana aliinamisha kichwa kwa adabu. "Bibi, filamu imetengenezwa Dar. Mimi naonyesha tu, nitafanyaje?"

Sisi Wapare tuna msaragambo. Baragumu likilia, kila nyumba hutoa mtu kwenda kazi ya wote, na kazi ikiisha mwenye jambo husimama akalisema mbele ya kijiji. Bibi alingoja siku ya kuzoa tope kwenye ndiva, bwawa letu la kumwagilia mashamba. Akasimama na miguu yake ya tope, akamgeukia mlinzi mwenyewe, Mzee Yohana, aliyekuwa pale na jembe lake, mzima wa afya. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Bibi hakutaka zaidi ya hapo.

"Mzee Yohana, waambie. Mwanangu alikuwa na bastola?"

Mzee Yohana alitazama watu. Maisha yake yote hakuna aliyemjali, na tangu filamu ile kila kilabu kilimnunulia pombe. Akagusa sikio lake taratibu.

"Mama, risasi ilinipita hapa," alisema. "Ni Mungu tu."

Watu wakaitikia amina. Bibi alikaa chini kwenye majani. Nilimshika mkono.

Bibi amekwisha kufa, na Mzee Yohana pia. Siku hizi filamu ile imo kwenye simu, na mwanangu huitazama akila. Nikimweleza ukweli hunisikiliza kwa heshima, kisha huongeza sauti. Picha ya mjomba hatukuwahi kuwa nayo. Nikifumba macho kumtafuta mjomba aliyekuwa akinimenyea miwa, anakuja mwigizaji, amevaa miwani yake.