Rejista ya Mwisho ya Mwalimu wa Darasa la Tatu

Kamati ya kumuaga mwalimu wetu wa darasa la tatu, aliyekuwa anastaafu, ilikutana mara saba, na mara zote saba tulimsahau mwalimu mwenyewe. Tulijadili hema. Tulijadili rangi ya vitambaa vya viti. Tulijadili mgeni wa heshima kutoka Kisumu, soda anayoipenda, na kama kiti cha plastiki kitamhimili. Mimi nilikuwa mwenyekiti, na ratiba niliiandika kwa mkono wangu. Mpiga chapa ndiye aliyeniuliza, kwa adabu, huyu anayeagwa atazungumza saa ngapi. Nikamwongeza chini kabisa, baada ya maombi ya kufunga.

Kusahau huko hakukuwa kwa bahati mbaya tu. Nilikuwa namwogopa.

Mwalimu huyu alikuwa na desturi yake. Asubuhi aliita majina, na mtoto asiyeitika alifuatwa mchana uleule hadi alipo. Huku kwetu Asembo Bay, asiyeitika huwa yuko ufuoni, anageuza omena, dagaa wetu wa ziwani, kwenye nyavu zilizotandazwa juani na kufukuza ndege. Mwalimu alikuja kwa miguu, akapindua ndoo, akaketi, akamfundisha mtoto hesabu huku yeye mwenyewe akigeuza omena, ili mama mtu asikose wa kumfanyia kazi. Akina mama walimweleza mambo yao: nani anaumwa, nani hana sare. Alirudi darasani magamba yaking'aa kwenye sketi.

Alipomfuata binti yangu kwa mara ya tatu, niliona nimedharauliwa. Mtu aliyefika kidato cha nne afundishwe ulezi na mwanamke aliyekalia ndoo? Niliiandikia ofisi ya elimu barua ya Kiingereza kilichopigwa pasi, kwamba mwalimu anaacha darasa kwenda kuuza omena. Ushahidi: magamba. Wazazi wanane walitia sahihi bila kuisoma, kwa heshima ya Kiingereza. Akahamishiwa Sondu, mbali na ziwa, ambako, kama nilivyoshauri, hakungekuwa na vishawishi.

Mwaka uliofuata binti yangu aliacha shule. Hakuna aliyekuja ufuoni kumfuata. Kuhusu hilo sikuandika barua.

Baada ya miaka miwili mwalimu alirudi, akanisalimu kama kawaida, na miaka mingi baadaye akamfundisha hata mtoto wa binti yangu. Nikajiapia kwamba siku ya kumuaga nitaisema barua ile mbele ya watu.

Siku ikafika. Mgeni wa heshima alichelewa kwa saa tatu, akatueleza kwa kirefu jinsi alivyosoma pekupeku, kisha akamkabidhi mwalimu saa ya ukutani yenye picha yake yeye mgeni, mishale ikitokea puani. Mwalimu mkuu alimsifu mgeni kwa kutusifu. Zamu yangu ilipofika nilimwita mwalimu nguzo, nyota, mshumaa na mama wa wote. Barua sikuitaja. Nikaketi, nikapigiwa makofi.

Maombi ya kufunga yakaisha. Mgeni alikuwa ameshasimama aondoke mwalimu alipopewa maikrofoni. Hakushukuru hema. Alitoa rejista kwenye mkoba akaanza kuita majina, na watoto walioketi nyasini wakaitika mmoja mmoja, hadi jina la mjukuu wangu. Aliliita mara mbili.

"Mwenyekiti," akasema, "mtoto wetu yuko wapi leo?"

Ningeweza kusema anaumwa. Midomo ilikuwa tayari.

"Nimemwacha ufuoni, Mwalimu. Analinda omena. Sisi wengine tulikuwa na sherehe."

Muuza samaki mmoja akasema, "Basi Mwenyekiti ametuma mwakilishi," na hema zima likacheka. Nikangoja kicheko kiishe.

"Na ile barua ya magamba, ni mimi niliyeiandika."

"Najua, Mzee. Nilionyeshwa. Kiingereza kilikuwa kizuri." Akaifunga kalamu. "Lakini siwezi kufunga rejista yangu ya mwisho ikiwa na nafasi wazi. Twende."

Akavua shada la karatasi za kumetameta tulilomvisha, akampita mgeni wa heshima na soda yake, akashika njia ya ziwani. Nilimfuata na fimbo yangu, nimekumbatia saa ya ukutani, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeitaka.

Mjukuu wangu alituona akaruka kama aliyefumaniwa. Mwalimu akapindua ndoo, akaketi.

"Wewe geuza hizo, Mzee," akaniambia. "Sisi tuna hesabu."

Niligeuza, nikiwa na suti yangu ya sherehe.

Siku hizi mjukuu yuko shuleni na omena nageuza mimi. Nazigeuza vibaya, binti yangu anasema naziponda. Mambo ya ile barua nilimweleza jioni ileile. Alisikiliza hadi mwisho, akachukua ungo, akaendelea kupepeta. Hajasema amenisamehe. Kila asubuhi hunionyesha tu wavu wa kuanzia.