Shimo Halilali Wazi

Siku tuliyomzika baba, watu walisema yeye na mama walikuwa chanda na pete. Walisema hivyo wakiwa wameshika vikombe vyetu vya chai, na mimi nikaitikia kwa kichwa kama mtu mwenye adabu. Uongo mtupu. Nimelelewa katika nyumba ile. Wazazi wangu walikuwa paka na panya waliofungiwa ghala moja kwa miaka arobaini na sita, na ukitaka kujua kilichowaweka humo muda wote huo, usiulize mapenzi. Uliza mahindi.

Baba aliitwa Kamba, hata na watoto wadogo, kwa sababu hakuchimba shimo la mahindi bila kunyoosha kamba kwanza. Ilikuwa na mafundo, na kila fundo lilikuwa shimo. Wenzake walichimba kwa kukadiria wakaenda zao kupumzika, yeye bado amepiga goti, amefumba jicho moja, anaangalia kama mstari umenyooka. Mama alikuwa akimwambia mahindi hayaendi gwaride. Baba alijibu kwamba ndiyo maana mahindi ya wengine yanalala chini kama walevi.

Yeye alitangulia na jembe, mama akafuata na bakuli la mbegu. Mbegu mbili kila shimo, udongo kwa mguu wa kulia, kanyaga, songa mbele. Mbegu zilikuwa mali ya mama. Alizichagua wakati wa mavuno, mahindi yaliyojaa mpaka ncha, akayaning'iniza juu ya meko yapigwe moshi ili wadudu wasiyaguse. Baba hakuruhusiwa kuyashika, kama mama asivyoruhusiwa kushika kamba. Walikubaliana jambo moja tu: shimo halilali wazi. Lililochimbwa leo hutiwa mbegu leo. Mama akichoka, baba anaweka jembe chini hata kama jua bado liko juu. Mwaka mmoja mama alishikwa na homa, majirani wote wanapanda, baba akakaa ukingoni mwa shamba siku nne na jembe lake katikati ya miguu. Walimcheka. Hakuchimba hata moja.

Nilipokuwa na miaka saba, baba aliukata mlimau wa mama kwa sababu ulikuwa umeharibu mstari. Mama hakumsemesha tena mpaka mavuno. Ndipo nilipopewa kazi yangu ya kwanza duniani. "Mwambie baba yako chakula kipo mezani." Baba yuko hapo hapo, ananawa mikono. "Mwambie mama yako mimi si mgeni, anajua ninavyokula." Nami nageuka kulia, nageuka kushoto, nafikisha. Nikikosea neno moja nilirudishwa nikaliseme vizuri. Na msimu ule walipanda kama kawaida, jembe mbele, mbegu nyuma, kimya kama watu wasiojuana. Walipopatana waliona tabia hiyo ina faida zake, wakaendelea nayo. Nilikuwa simu ya nyumba ile kabla simu hazijafika kwetu, na najivunia kwamba sikuwahi kupoteza ujumbe. Sikuwahi, mpaka mwaka huu.

Niliondoka nyumbani nikawa fundi cherehani mjini. Nina vyumba viwili. Cha mbele kina cherehani karibu na dirisha, meza ya kukatia, na vitambaa mpaka darini. Baada ya mavuno yaliyopita mama aliteleza kisimani akavunjika mguu wa kushoto. Gari lilipokuja kumchukua alikataa kupandishwa mpaka aletewe mbegu zake, maana alisema baba atazisahau na wadudu watakula msimu mzima. Akapukuchua mahindi yake amelala kwenye machela, anauma meno kwa maumivu, baba amesimama pembeni anamwambia aache ukaidi. Alikuja kwangu na mguu wa plasta na mbegu zimefungwa kwenye kitambaa cha kichwa.

Plasta ilitolewa. Daktari akasema arudi nyumbani, atembee polepole. Kaka yangu mkubwa, ambaye ni mwalimu na hupenda kuamua mambo kana kwamba sisi wote ni darasa lake, akasema kulima sasa basi. Tugawane wazee: mimi nibaki na mama, yeye atamchukua baba shule zikifungwa. Baba alipoambiwa, alicheka, akaenda zake shambani. Mama hakucheka.

"Mimi narudi kabla ya mvua," aliniambia. "Wewe nitafutie gari tu."

"Nikimaliza sare, mama."

Hapa ndipo kila mtu huweza kunitetea, na sitaki kutetewa. Shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa, nilikuwa na sare mia mbili za kushona, na mama aliweka vifungo na kupinda nguo haraka kuliko msichana yeyote ambaye ningemwajiri. Alikaa kwenye kigoda chini ya dirisha, miwani puani, sindano haisimami. Nilimhitaji. Sisi mafundi tunajulikana kwa neno moja, "njoo kesho", na mama yangu mzazi nikamfanya mteja. Kesho, mama. Jumamosi, mama. Zimebaki kola tu, mama.

"Ngojangoja huumiza matumbo," alisema, akakata uzi kwa meno.

Baba hakuwa na simu. Alitumia ya jirani yetu, mjane anayefuga mbuzi, na alipiga kelele ndani yake kana kwamba niko ng'ambo ya mto.

"Mwambie mama yako mawingu yameanza."

Nikafikisha.

"Mwambie baba yako nayaona hata huku."

Nikafikisha. Wiki iliyofuata akapiga tena. Nilikuwa duka la jirani, nanunua nyuzi.

"Mwambie mama yako nimeanza kuchimba."

Alisema hilo tu, akamrudishia mwenye simu. Yule mjane akaongeza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, sijui baba yako ana nini. Anachimba, hatii kitu. Siku ya tatu leo, mashimo yote yako wazi. Mbuzi wangu amevunjika mguu humo."

Papo hapo nilimpigia kaka nikamsimulia. Akasema mzee ameanza kuchanganyikiwa, ni heri aharakishe kumchukua. Sikumbishia. Lakini mimi nilijua. Mtu aliyekaa siku nne na jembe katikati ya miguu, anachekwa, kuliko kuacha shimo moja wazi, sasa alikuwa ameacha mistari mizima. Hakuwa amechanganyikiwa. Alikuwa anamwita mkewe kwa njia pekee aliyoijua, na alikuwa na hakika nitafikisha.

Nilirudi chumbani na nyuzi zangu. Zilikuwa zimebaki sare sitini.

"Nimesikia simu yako ikilia huko nje. Baba yako anasemaje?"

"Anakusalimia."

Baba hakuwahi kumsalimia mtu kwa simu maishani mwake. Mama alinitazama juu ya miwani. Halafu akatia uzi kwenye sindano.

Siku tisa baadaye walimkuta baba ameanguka shambani, kamba bado imenyooshwa, jembe limesimama ndani ya shimo. Moyo, walisema. Zilikuwa zimebaki sare nne.

Kaka alitangulia. Sisi tulipofika, mama na mbegu zake mapajani, shamba lilikuwa limesawazishwa na turubai limepigwa juu yake, viti vimepangwa. Kaka alinivuta pembeni akaniambia amelazimika kuweka watu wafukie, wageni wasije wakavunjika miguu. "Nusu shamba lilikuwa mashimo matupu," alisema. "Usimwambie mama. Asije akamkumbuka hivyo." Nilishukuru. Nakiri kwamba nilishukuru.

Asubuhi baada ya mazishi niliamka mapema nikazunguka nyuma, karibu na uzio, mahali turubai halikufika. Mashimo kumi na moja. Yamenyooka kwa uzi, kina kimoja, udongo wake umewekwa upande wa chini kama alivyofanya siku zote. Nilitazama mlangoni. Kisha nikayafukia kwa mguu wa kulia, kanyaga, songa mbele, kama nilivyofundishwa, ila mkononi sikuwa na kitu.

Nilikuwa nimebakiza mawili mama alipotokea na fimbo yake. Nikasimama juu ya moja, nikaliziba lingine kwa upindo wa kanga. Alitazama shamba lote, lililo sawa kama sakafu.

"Alichimba?"

Ningesema ndiyo. Angeuliza tangu lini, na nani alijua.

"Hakuchimba, mama."

Akatikisa kichwa taratibu, mara mbili tatu.

"Basi alishaacha kulima, alijua sirudi," akasema. "Alikufa anajua nimemwacha."

Nililia, nikamwambia si hivyo, mama, si hivyo, naye akanipigapiga begani akidhani namlilia baba. Miaka yote ile nilibeba maneno yao kutoka kwa huyu kwenda kwa yule, ya hasira, ya chumvi, ya mlimau, bila kupunguza hata moja. La mwisho, ambalo lilikuwa zuri kuliko yote, nililikalia kwa ajili ya vifungo.

Mchana nikaona moshi jikoni. Mama alikuwa ameinjika sufuria kubwa. Alitupakulia mahindi yaliyochemshwa, kila mtu bakuli lake, akakaa kwenye kigoda bila kujipakulia. Tulikuwa na njaa. Kaka alitafuna, akatafuna tena, akalalamika kwamba mahindi ni makavu mno, hayaivi, na yananuka moshi.

"Yalikuwa ya kupanda," mama akasema.

Kaka aliweka bakuli chini. Mimi nilimaliza langu lote.