Tembe za Mke Wangu Getini

Korona ilipomlaza mke wangu hospitalini, tembe zake za ukimwi zilibaki nyumbani, mkebeni mwa majani ya chai. Mtaa wetu wote wa Junda ulikula viazi karai vyake, na hakuna aliyejua anaishi na virusi. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na kata nilikuwa mimi.

Akanipigia simu, pumzi zikimkatika. "Bwana, niletee tembe zangu. Wodini tumo wengi, naona haya kusema."

Nesi wa kliniki alishatuonya zamani: mwenye virusi akiruka dawa, korona humkuta hana ngao. Nikazifunga kwenye gazeti, mbio.

Getini foleni. Tumewekwa mbalimbali kama miche ya minazi, na nyuma yangu nani? Jirani yetu, mteja wa viazi wa kila asubuhi, amemletea mwanawe uji. Mimi na barakoa yangu ya kanga, aliyonishonea mke wangu, kubwa utadhani nepi. Shule sikukaa sana, lakini uongo hauhitaji shule.

"Umebeba nini, mzee?" akauliza askari.

"Dawa za presha. Za mke wangu."

"Za presha zimejaa humo ndani. Rudi nazo."

Nikasimama juani, gazeti linalowa jasho mkononi. Nikirudi nazo, siri itapona, mwenyewe je? Nikamwendea askari nimnong'oneze sikioni. Akaruka nyuma kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Umbali, mzee! Sema ukiwa huko huko!"

Nikasema.

"Sikusikii! Hiyo barakoa inameza maneno. Toa sauti!"

Basi nikapaza. "Za ukimwi! Mke wangu ana virusi, na bila hizi atakufa!"

Foleni nzima ikanigeukia. Jirani akaangalia kandambili zake.

"Si ungesema, baba," askari akasema, sauti imeshuka. Akazipokea, akaita mtu azipeleke.

Jioni simu ikalia.

"Zimefika," akasema mke wangu. "Getini alikuwako nani?"

Nikamwambia. Akakohoa, kikohozi kirefu, mpaka nikadhani simu imemponyoka.

"Huyo ndiye redio ya Junda. Viazi nitamuuzia nani sasa?"

"Umemeza lakini?"

"Si ungenong'ona, bwana?"

"Walikataza kunong'ona, wallahi. Umemeza?"

Nikasikia pumzi tu, ikipanda na kushuka kwa taabu.

"Nimemeza," akasema, akakata simu bila kuniaga.